Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: mwenye mahema analipwa, mpiga gitaa anapewa fulana

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Wilaya, Waheshimiwa Madiwani, Wakurugenzi wa Halmashauri, pamoja na Maafisa Utamaduni wa mikoa yetu miwili,

Kwa heshima na taadhima naomba niwaandikie juu ya jambo ambalo naliona kutoka mahali ambapo wengi wenu hamketi, yaani nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti. Kazi yangu ni kukodisha mitambo ya muziki: spika, vipaza sauti, jenereta na nyaya zake zote. Nimefunga spika katika harusi za Mikindani, katika mikutano ya hadhara ya Masasi na Newala, katika mahafali, katika uzinduzi wa visima na madarasa, na katika baa ndogo za Shangani na Magomeni ambako bendi ya watu watano hubanwa kwenye kona moja na friji la soda. Mimi si mwanamuziki. Sikatai kwamba wanamuziki wakipata kazi nami nitapata, lakini kwa hali ilivyo sasa mimi tayari napata, na hapo ndipo penye shida ninayotaka kuieleza. Katika shughuli za umma zinazofanyika mikoani kwetu, mwanamuziki wa hapa ndiye mtoa huduma pekee ambaye kazi yake haihesabiwi kuwa kazi.

Chukueni uzinduzi wowote wa mradi mnaoukumbuka. Mwenye mahema na viti huleta ankara. Mama aliyepika pilau ya wageni huleta ankara, na mpambaji aliyefunga vitambaa vya rangi za bendera huleta yake. Mimi wa spika naleta ya kwangu nikiwa na namba ya mlipakodi, risiti ya mashine ya EFD na usajili katika NeST, ule mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Na hata malipo yakichelewa, kama yanavyochelewa mara nyingi, najua kwamba jina langu limeandikwa mahali na kwamba siku moja simu italia. Bendi iliyoanza kupiga saa mbili asubuhi, wageni wakiwa bado wanasubiriwa, ikaendelea mpaka saa nane mchana mgeni rasmi alipoingia kwenye gari, haina ankara ya kuleta, kwa sababu katika makisio ya shughuli hapakuwa na fungu la muziki. Palikuwa na fungu la mitambo. Chombo cha kukuzia sauti kina bei, lakini sauti yenyewe haina.

Kinachotolewa badala yake tunakijua sote. Ni fulana ya maadhimisho, sahani ya chakula baada ya wageni kula, nauli, na maneno kwamba vijana wamepata nafasi ya kujitangaza. Nauli hiyo wakati mwingine hutoka mfukoni mwa Afisa Utamaduni mwenyewe, ambaye amepewa jukumu la kuleta burudani bila kupewa senti ya kuilipia, na kwa hilo nawapa maafisa hao heshima yao. Katika shughuli moja, ambayo ofisi yake sitaitaja kwa kuwa barua hii haimlengi mtu, kikundi cha ngoma kiliteremka kutoka kijijini kwa gari la mizigo, kikacheza juani mpaka vumbi likawa juu ya vichwa, kisha kikakaa pembeni kusubiri usafiri wa kurudi hadi giza likaingia, kwa sababu gari lililowaleta lilikuwa limepangiwa kwanza kurudisha viti. Viti vilirudi kwa wakati, maana mwenye viti alikuwa na mkataba.

Naomba nieleze watu ninaowasemea ni akina nani, kwa kuwa neno msanii siku hizi humfanya msikilizaji amfikirie kijana mwenye miwani ya jua na gari la kuazima. Wapo kweli vijana wa bongo fleva na singeli wanaorekodi katika chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, wakijilipia studio kwa fedha za bodaboda, bila lebo na bila meneja. Wapo wapiga magitaa wa muziki wa dansi, wengine wenye mvi, ambao wiki nzima hufanya kazi ya ufundi au uvuvi na Ijumaa hupiga nyimbo za zamani kwenye baa kwa malipo ya vinywaji vilivyouzwa. Wapo wa taarabu na kaswida, hasa Mikindani, Lindi mjini na Kilwa, ambao maulidi na harusi haziwezekani bila wao. Na wapo wa ngoma, wenye sindimba yao, ile ngoma ya Wamakonde, na midimu yao yenye vinyago, ambao wengi wetu tunawaita wazee wa kijijini na kusahau kwamba nao ni wanamuziki wenye mazoezi, wenye kiongozi, wenye vyombo vinavyohitaji ngozi mpya kila vinapopasuka.

Hawa wote wanafanana kwa jambo moja: wanapiga mbele ya watu, kwa mikono na midomo yao, na wanajitegemea. Mtu wa mitambo hujua tofauti iliyopo kabla hata shoo haijaanza. Msanii wa pleibeki huja na kidude cha kuhifadhia nyimbo, mimi nakichomeka, naye anashika maiki na kuruka juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa. Sina ugomvi naye, kazi yangu inakuwa nyepesi. Bendi inayopiga laivu hunitoa jasho: kila ngoma inataka kipaza sauti chake, gitaa la besi linataka njia yake, mwimbaji anataka ajisikie mwenyewe kupitia spika ya mbele ya miguu yake, na likitokea kosa moja la waya watu wote wanageuka kunitazama. Hata hivyo ndiyo kazi ninayoipenda, kwa sababu hakuna usiku unaofanana na mwingine. Kuna kundi la vijana hapa mjini ambalo mpiga besi wake amechukua mapigo ya ngoma kubwa ya sindimba na kuyaweka kwenye nyuzi nne, halafu tumba likajibu mahali ambapo zamani kingejibu kidude kidogo cha mkono wa kushoto. Mara ya kwanza walipopiga hivyo kwenye baa moja, akina mama waliokuwa wanakaanga samaki nje waliacha makarai wakaingia ndani, na wimbo ambao kwenye rekodi ni wa dakika chache ukaenda karibu nusu saa kwa sababu mwimbaji alianza kuwataja waliokuwa wanacheza, mmoja baada ya mwingine, kwa Kimakonde, na kila aliyetajwa alitoa noti kumtuza. Muziki ule haukurekodiwa na mtu. Na kwa kuwa mwenye baa alipata mpangaji mwingine wa siku ya Ijumaa, kundi lile sasa hupiga pale linapoitwa, yaani mara chache.

Mapato ya wanamuziki hawa yanafuata korosho. Mnajua wenyewe kwamba minada ya stakabadhi ghalani huanza Oktoba, na malipo yakianza kuingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vikuu vya ushirika kama TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, mji unabadilika sauti. Harusi zinafuatana, nyumba zinapauliwa, baa zinaongeza viti. Msimu huo huo ndio matamasha makubwa kutoka Dar es Salaam yanapokumbuka kwamba kuna kusini. Uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara hujaa, Ilulu kule Lindi hujaa, na wanamuziki wa hapa huitwa kufungua jukwaa: hupandishwa saa kumi alasiri, jua likiwa kali na uwanja ukiwa na wauza karanga na watoto, huimba nyimbo mbili bila malipo, kisha hushuka ili mitambo ipimwe kwa ajili ya mgeni atakayepanda saa tano usiku. Fedha ya kiingilio inapanda basi asubuhi yake. Ikifika Februari mifuko imekauka. Ukiingia mwezi wa Ramadhani spika zangu zinapumzika kabisa, jambo ambalo ni la heshima na sote tunalikubali. Na hadi ngoma za jando na unyago zianze tena wakati wa likizo za shule, mwanamuziki anaishi kwa kazi nyingine. Silalamikii msimu, kwa sababu hata mkulima anaishi nao. Ninachosema ni kwamba mkulima ana chama, ana ghala, ana mnada unaotangazwa, na mwanamuziki hana hata siku moja ya mwezi inayojulikana kuwa ni yake.

Wapo watakaosema kwamba soko limeamua, kwamba watu wanataka nyota wa Dar es Salaam na si majirani zao. Nimeona mambo yaliyonifanya nisikubali haraka. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, harusi moja niliyokuwa nimeajiriwa kuifungia mitambo ilikuwa imeagiza mwimbaji kutoka huko, na mwimbaji hakuweza kufika. Familia ikachukua bendi ya hapa jioni ileile, kwa bei ambayo bendi ile haijawahi kuitaja kwa mdomo wake. Watu walicheza hadi mwisho wa muda wa ukumbi, na sikusikia aliyemuulizia mgeni. Tamasha la MaKuYa nalo, ambalo jina lake limewakusanya Wamakonde, Wamakua na Wayao, limeonyesha hapahapa Mtwara kwamba ngoma za vijijini zikipewa uwanja, ratiba na maandalizi yanayostahili, watu hutoka majumbani kuja kuzitazama. Soko haliwezi kuamua juu ya kitu ambacho halijawekewa mezani.

Tena miji ya mikoani haikuwa hivi siku zote. Nchi hii iliwahi kuitambua miji yake kwa bendi zake. Mbaraka Mwinshehe alivuma nchi nzima akiwa na Morogoro Jazz, wala hakulazimika kwanza kuwa mtu wa Dar es Salaam ndipo asikike. Tabora ilikuwa na Tabora Jazz, Tanga ikawa na Atomic na Jamhuri, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi na kuzirusha. Sisi wa kusini tulikuwa na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, bendi iliyobeba jina la Kilwa lakini jukwaa lake likawa Dar es Salaam, na hadithi hiyo imejirudia tangu hapo. Sindimba ilichukuliwa na Kikundi cha Taifa cha Ngoma baada ya uhuru ikawa ngoma ya kuonyeshea taifa zima, ikafundishwa mashuleni kutoka Bukoba hadi Songea. Katika kizazi chetu, Harmonize alitoka mkoani hapa, akang'ara baada ya kuingia lebo ya Dar es Salaam, na alipojitegemea mwaka 2019 akaanzisha lebo yenye jina la Konde hukohuko. Hata wachongaji wetu walipita njia hiyo. Marehemu George Lilanga, aliyezaliwa upande wa Masasi, alijulikana duniani kupitia Dar es Salaam. Simlaumu yeyote kati yao, kwa maana mtu huenda penye kazi. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji, njia yetu ya kwenda Dar es Salaam, lilipofunguliwa mwaka 2003 tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, lakini kwa upande wa muziki lilileta mengi kuliko lilivyopeleka.

Kuna jambo la enzi zile ambalo linagusa ofisi zenu moja kwa moja. Bendi nyingi kubwa za wakati huo zilikuwa mali ya taasisi za umma. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu mwaka 1964, ile ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, Shirika la Bima lilikuwa na bendi, Polisi na Magereza vivyo hivyo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la mji wa Dar es Salaam, ambalo lilikuwa na kumbi na lilihitaji kumbi hizo zijae kila mwisho wa wiki. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, na usiku wake ulikuwa unajulikana. Sisemi turudi huko. Utaratibu ule ulikuwa na ubaya wake, kwani vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mpiga gitaa aliyegombana na uongozi aliondoka mikono mitupu hata kama ndiye aliyeijenga sauti ya bendi. Ila ulikuwa na jambo moja ambalo sasa limepotea, nalo ni kwamba ofisi ya umma ilikubali kwamba anayepiga muziki yuko kazini.

Ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba kila halmashauri ya mikoa hii miwili iweke fungu la wanamuziki katika makisio ya kila shughuli inayoandaliwa na umma, likae palepale yanapokaa mahema, chakula na mitambo, na kiasi chake kijulikane mapema na kilipwe kwa kikundi kwa jina lake. Liwe fungu dogo kama hali ya mapato ni ndogo. Bendi itakayolipwa kidogo kwa hati itapata kumbukumbu ya kazi, na kumbukumbu hiyo ndiyo itakayoiwezesha kuandika kwamba imefanya kazi na serikali inapoomba kazi nyingine. Najua pingamizi litakalotoka kwa wenzetu wa ununuzi: vikundi hivi havimo kwenye mfumo, havina namba ya mlipakodi wala akaunti ya kikundi. Ni kweli kwa walio wengi. Lakini mimi pia sikuzaliwa nayo. Nilisajiliwa kwa sababu kulikuwa na kazi iliyonitaka nisajiliwe, na Afisa Maendeleo ya Jamii huvisajili vikundi vya ufugaji na ushonaji kila mwaka kwa ajili ya mikopo. Afisa huyo akikaa meza moja na Afisa Utamaduni, vikundi vya muziki vitaingia kwenye orodha bila kusubiri sheria mpya.

Hapo nimegusa mikopo, na naomba niseme bila kuzunguka. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni utaratibu mzuri, na tulifurahi uliporejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka mmoja kabla. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao upo kitaifa. Lakini nawasihi msione mkopo kuwa ndiyo jibu la kwanza kwa wanamuziki. Kijana akikopeshwa gitaa, tumba na spika katika mji ambao hauna mahali pa kupigia wala mteja anayelipa, amekopeshwa deni. Nimenunua spika za watu wa namna hiyo. Huja kuniuzia kwa bei ya kutupa, vyombo vikiwa bado na plastiki zake kwenye kona. Kazi ije kwanza, mkopo ufuate.

Ombi la pili ni mahali. Tuna viwanja vikubwa na tuna kumbi za harusi, na kati ya hivyo viwili hatuna kitu. Bendi ya watu watano mbele ya watazamaji 200 ni usiku mzuri sana katika ukumbi mdogo, lakini watu haohao 200 ndani ya Nangwanda Sijaona ni aibu, sauti inatawanyika na upepo wa baharini na mwimbaji anaona viti vitupu tu. Kumbi za harusi zina bei ya harusi, wala siwalaumu wenye nazo, kwa kuwa wamekopa kuzijenga. Kinachotakiwa si jengo jipya lenye jiwe la msingi. Kinatakiwa chumba kikubwa chenye paa, umeme wa kuaminika na mlango unaofungwa, kitolewe jioni moja maalumu ya kila mwezi, tarehe ikijulikana mwaka mzima. Shule na vyuo vyetu vina mabwalo. Baadhi ya ofisi za umma zina kumbi za mikutano ambazo Jumamosi jioni hazina mtu. Kule Ngongo, Lindi, tuna uwanja wa maonesho ya Nanenane ambao mwezi Agosti unachangamka kwelikweli, na baada ya hapo wengi wetu hatuna sababu ya kuukanyaga. Mikindani nako, kwenye majengo ya kale na boma la Mjerumani, wageni huja kuona kuta, lakini hakuna jioni inayojulikana ambayo wangesikia muziki wa watu wanaoishi karibu na kuta hizo. Anzeni na chumba kimoja Mtwara na kimoja Lindi. Mimi na wenzangu wa mitambo tuko tayari kukaa nanyi tuwaambie ni chumba kipi kinafaa kwa masikio na kipi kitarudisha mwangwi hata mkitumia spika za mamilioni.

La tatu ni vibali. Mtu mwenye gitaa moja anayetaka kuimba kwenye mgahawa hupitishwa katika milango ileile anayopitia mwandaaji wa tamasha la uwanjani: barua ya serikali ya mtaa, Afisa Utamaduni, polisi, na kila mlango una siku zake na wakati mwingine una ushuru wake. Mwenye mgahawa akihesabu usumbufu huo anaamua kuwasha redio. Naelewa kwa nini milango hiyo ipo. Vigodoro, yaani zile ngoma za mitaani za kukesha, vilituharibia jina, na mtu anayekesha na mgonjwa ana haki ya kulala; kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 hazikutungwa bure, nami ninayejua jinsi besi inavyopita ukutani usiku ni wa mwisho kuzipinga. Ndiyo maana napendekeza kibali chepesi cha mwaka mzima kwa maonyesho madogo: watazamaji wasiozidi idadi mtakayoipanga, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, na kiwango cha sauti kinachoandikwa kwenye kibali chenyewe. Atakayezidisha anyang'anywe. Mimi na wenzangu tunaweza kufungwa na masharti hayo kabla ya bendi, kwa maana mkono ulio kwenye kitufe cha sauti ni wetu.

Kuhusu hakimiliki nitasema kwa ufupi, kwani si jambo la ngazi ya halmashauri. Sheria Na. 7 ya mwaka 1999 ipo, na nchi ina chombo cha kuisimamia, lakini wengi wa wanamuziki ninaowajua hawajawahi kusajili hata wimbo mmoja. Siku moja tu ya mwaka ambayo Maafisa Utamaduni wangewakusanya na kuwasaidia kujaza taarifa zao ingetosha kuanzia. Wale wa ngoma wangehitaji msaada zaidi, kwa kuwa nyimbo zao ni za ukoo na kijiji, na huyo aliyezirekodi kwa simu akaziweka mtandaoni mara nyingi si wa ukoo wala wa kijiji.

Naandika sasa kwa sababu mwaka wa fedha huanza Julai, na makisio ya halmashauri hupita kwenye vikao miezi kadhaa kabla ya hapo. Waheshimiwa Madiwani, nyinyi ndio mtakaosomewa mafungu hayo, na mnaweza kuuliza swali dogo pale mtakapofika kwenye maadhimisho na sherehe: wapiga muziki wako fungu gani? Kama mtaambiwa wamo ndani ya mitambo, naomba mjue kutoka kwa mwenye mitambo kwamba hawamo. Kuanzia shughuli ijayo ya umma nitakayoitwa, nitaandika kwenye ankara yangu mstari wa pili chini ya mstari wa spika, wenye jina la kikundi kilichopiga siku hiyo na idadi ya watu wake, na mahali pa kiasi nitapaacha wazi ili ofisi husika ipajaze.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkodishaji wa mitambo ya muziki,
Mtwara.

Nakala: Vyama vikuu vya ushirika vya mazao vya Mtwara na Lindi, ambavyo mikutano yao mikuu nayo huwa na ngoma mlangoni.